Fomu Iliyobaki Kwenye Droo

Mama Chiriku alikuwa wa kwanza kuamka kila siku. Alichemsha maji, akamwogesha binti yake, akamfunga nywele, kisha akavaa viatu vyake vyeupe vya kazini. Alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, vituo viwili vya basi kutoka kwao. Huko aliwaogesha wazee, aliwalisha kwa kijiko, na aliwageuza kitandani ili wasipate vidonda vya mgongo. Alipotoka mlangoni alisema maneno yale yale kila siku: "Baba Chiriku, mtoto asichelewe shule."

Mumewe alikuwa fundi wa makochi. Mtaani walimwita Fundi, basi. Karakana yake ilikuwa chumba cha chini cha jengo lile lile walilopanga. Ndani mlijaa sponji, vitambaa, mbao, na makochi yaliyovuliwa nguo, mbavu zikiwa nje. Fundi alisifika kwa kazi safi. Alisifika pia kwa kusema "kesho". Wateja wake walikuwa wakicheka, "Kesho ya Fundi haina tarehe."

Binti yao alikuwa na miaka saba. Walimwita Chiriku kwa sababu alizungumza tangu anapofumbua macho mpaka usingizi unapomchukua.

Walikuwa wageni katika nchi ile. Fundi alifika kwanza. Kesi yake ilikwisha zamani, na alikuwa na kibali cha kuishi. Mkewe alifika miaka sita baadaye. Kwao, watu wenye silaha walimuua kaka yake, kisha wakaanza kumtafuta yeye. Aliomba hifadhi, akafunguliwa faili, akaambiwa asubiri kuitwa mahakamani. Walikutana, wakaoana, wakapata mtoto, na bado alikuwa anasubiri.

Walipohamia jengo hili, mkewe alichukua fomu ya kubadili anwani. Aliijaza mezani kwa mwandiko wake wa taratibu, akatia sahihi na tarehe. Akampa mumewe.

"Wewe unapita karibu na mahakama ukipeleka makochi," alimwambia. "Nipelekee hii leo. Bila hii, barua zangu zitakwenda kule tulikotoka."

Fundi alipita kweli. Lakini foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Kochi la mteja lilikuwa juu ya gari, na dereva alikuwa anapiga honi. Fundi akaikunja fomu, akaitia mfukoni. Jioni, mkewe alimwuliza, "Umepeleka?"

Fundi alikuwa amechoka. Alijua atapeleka kesho. Akajibu, "Nimepeleka."

Kesho ilipofika kulikuwa na kazi ya haraka. Keshokutwa vilevile. Fomu ikaingia kwenye droo ya karakana, chini ya mikasi na makopo ya misumari midogo. Baada ya wiki tatu Fundi alikuwa ameisahau. Baada ya miezi mitatu aliikumbuka, akaona haya. Kama angempelekea karani sasa, mkewe angejua kwamba alidanganywa. Akaiacha palepale. Alijiambia kwamba kama barua ingekuja, ingekuwa imekuja.

*

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Fundi alikuwa anavuta kitambaa juu ya kiti cha mkono, misumari mdomoni, simu ilipolia. Namba hakuijua.

"Ni mimi," ilisema sauti ya mkewe. "Nina dakika chache tu."

Fundi akatema misumari. "Uko wapi?"

"Nimekamatwa. Walikuwa wananisubiri mlangoni kazini. Watu wawili, hawana sare. Wameniuliza jina, nikawaambia. Sasa niko kizuizini, pamoja na wahamiaji wengine."

"Umefanya nini?"

"Wanasema niliitwa mahakamani mwezi wa tatu, sikwenda. Jaji akatoa amri niondolewe nchini. Baba Chiriku, barua gani? Mimi sikuletewa barua." Alisita. "Ile fomu ulipeleka, siyo?"

Fundi aligeuka. Aliitazama droo.

"Usiogope," alisema. "Nakuja kukutafuta."

"Kuna karatasi hapa. Wananiambia nikubali kuondoka kwa hiari yangu, nitie sahihi, mambo yaishe upesi. Nimechoka. Nitie?"

"Sijui. Ngoja kwanza. Ngoja nimuulize mtu."

Simu ikakatika. Fundi alikaa juu ya sponji, mikono ikining'inia. Mkewe alikuwa amemwuliza maswali mawili. La pili alilijibu kwa sijui, na la kwanza hakulijibu kabisa.

Chumba cha pili kulikuwa na seremala waliyemwita Mjuaji, kwa sababu kila jambo alilijua. Aliposikia habari, aliweka randa chini.

"Hiyo ndogo," alisema. "Nina mtu wangu. Atakuandikia cheti cha hospitali, na muhuri juu. Kitasema mkeo alilazwa mwezi ule wa tatu. Mgonjwa angekwendaje mahakamani? Wewe utanikumbuka baadaye."

Fundi aliona njia imefunguka. Cheti kingemtoa mkewe, na hakuna ambaye angehitaji kujua habari za fomu.

"Nipe mpaka jioni," alimwambia.

*

Ghorofa ya pili aliishi mwanamke mmoja wa makamo ambaye kazi yake ilikuwa ukalimani mahakamani. Watu wasiojua lugha ya mahakama walisema, naye alifasiri. Jaji alisema, naye alifasiri. Kwa miaka kumi na moja maneno ya watu wengine yalikuwa yamepita mdomoni mwake. Jengo zima lilimwita Mkalimani. Siku hiyo alirudi mapema, akamkuta Fundi amekaa kwenye ngazi.

"Kaka, vipi? Umepauka."

Fundi akamsimulia. Hakusema habari za droo.

Mkalimani hakupiga yowe wala hakumpa pole ndefu. Aliketi ngazi moja juu yake, akauliza swali moja moja.

"Ametia sahihi karatasi yoyote?"

"Sijui. Alitaka kujua kama atie."

"Basi hilo ndilo la kwanza. Asitie sahihi kitu asichokielewa. Ile karatasi ya kuondoka kwa hiari, akishaitia sahihi, anakuwa ameachia kesi yake yeye mwenyewe. Ana haki ya kusema, 'Nataka kuzungumza na wakili kwanza.' Ana haki ya kuletewa mkalimani, na halipi kitu."

"Wakikasirika je?"

"Wakasirike. Aseme kwa adabu, na arudie maneno yale yale. Asikimbie, asipigane, asiseme uongo. Na wewe, unayajua haya? Jina lake kamili kama lilivyo kwenye faili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya faili?"

"Namba siijui."

"Itafute. Karatasi yoyote ya zamani ya mahakama itakuwa nayo, juu kulia. Bila namba, watakuzungusha huku na huku siku nzima. Ukiipata, tunakwenda kituo cha msaada wa kisheria. Pale kuna mawakili wanaosaidia watu bure. Wakili akipiga simu kizuizini, anasikilizwa kuliko wewe na mimi."

"Dada, wewe si unajua mahakama? Si utasimama naye?"

Mkalimani alitikisa kichwa. "Mimi ni mkalimani, si wakili. Na katika kesi ya mkeo hata kufasiri siwezi, maana mimi ni jirani yenu. Mahakama italeta mwingine. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini njia ya kwenda kwa wakili naijua."

Fundi akamweleza la Mjuaji na cheti cha hospitali.

Mkalimani alimgeukia. "Nilimfasiria mtu mmoja, mwuza viatu," alisema. "Kesi yake ilikuwa ya kweli. Makovu yalikuwa mgongoni. Lakini alileta cheti kimoja cha kununua, ili kuongezea nguvu. Wakapiga simu hospitali, wakaambiwa hawamjui. Tangu dakika hiyo, hata makovu yake hayakuaminiwa. Mimi ndiye niliyemfasiria maneno ya jaji. Sitaki kukufasiria wewe maneno kama yale."

"Basi nitamwambia Mjuaji hapana," Fundi alisema.

Saa nane Chiriku alirudi shule, begi mgongoni, mdomo wazi tayari kwa habari za siku. Aliona sura ya baba yake, akanyamaza.

"Mama yuko wapi?"

Fundi alitaka kusema amesafiri. Mkalimani alimtazama tu.

"Mama amezuiwa na watu wa uhamiaji," alisema Fundi. "Hajaumizwa. Tunatafuta mtu wa kutusaidia arudi."

"Lini?"

"Sijui, mwanangu."

Mtoto alikaa sakafuni, akavua viatu kimoja kimoja. Mpaka usiku hakusema neno jingine.

*

Kituo cha msaada wa kisheria, walikokwenda alasiri ile ile, Chiriku akibaki kwa jirani, kilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa. Viti vya kusubiri vilikuwa vya plastiki. Ukutani palibandikwa karatasi yenye maandishi makubwa katika lugha sita: HUDUMA HAPA NI BURE. MTU AKIKUDAI MALIPO, TUAMBIE. Fundi alisoma mara mbili.

Wakili alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, miwani juu ya kichwa. Alipopewa namba ya faili, waliyoipata kwenye karatasi ya zamani ya mahakama, alishika simu kwanza kabla ya kusema lolote. Aliongea na kizuizini. Akasema jina la Mama Chiriku, akasema yeye ni wakili wake, akasema mteja wake hatatia sahihi karatasi yoyote mpaka waonane. Akasubiri. Akashukuru, akaweka simu.

"Hajatia," alisema.

Fundi alimshukuru Mungu.

"Sasa tusikilizane, kaka," wakili aliendelea. "Mkeo hakushindwa kesi. Kesi yake haijasikilizwa. Aliitwa, hakuonekana, jaji akatoa amri bila yeye. Amri kama hiyo inaweza kufutwa, lakini lazima tumwonyeshe jaji kwamba hakupata barua, na kwamba si kwa uzembe wake. Na tunaomba asiondolewe wakati ombi letu linasubiri. Hilo naliandika leo, maana ndege haisubiri mtu. Barua ilikwenda wapi?"

"Nyumba yetu ya zamani."

"Mlihama lini?"

"Miezi tisa sasa."

"Mkeo aliwaarifu mahakama?"

"Alijaza fomu."

"Ikapelekwa?"

Fundi akaitazama ile karatasi ya ukutani.

"Nauliza kwa sababu kwenye faili haimo," wakili alisema. "Kama hakupeleka, jaji atasema ni kosa lake. Kama alipeleka, ipo wapi nakala yenye muhuri?"

"Nitatafuta nyumbani," Fundi alisema, akasimama.

Walishuka ngazi, yeye na Mkalimani. Mbele ya duka la dawa Fundi alisimama, hakuweza kuendelea. Watu walimpita kulia na kushoto.

"Dada, fomu iko kwangu," alisema. "Iko kwenye droo ya karakana. Alinipa mimi. Nikamwambia nimepeleka."

Mkalimani hakushangaa, au kama alishangaa hakuonyesha. "Yeye anajua?"

"Hajui. Leo ameniuliza kwenye simu, nikamkwepa."

"Ina tarehe na sahihi yake?"

"Vyote vipo."

"Basi kaka, umekaa na kitu kinachoweza kumtoa mkeo, na unakificha kwa sababu kinakuaibisha."

Aliyasema maneno hayo polepole. Fundi aliona kwamba hata kama angepigwa kofi lisingemuuma vile.

"Twende tukaichukue," alisema.

Fomu ilikuwa imetobolewa na misumari pembeni, na pembe moja ilikuwa na doa la gundi. Lakini mwandiko ulisomeka wote: jina, namba ya faili, anwani mpya, sahihi, tarehe. Ilikuwa tarehe ya wiki waliyohamia.

Wakili aliigeuza huku na huku. Alishusha miwani machoni.

"Hii inaonyesha kwamba mkeo alitimiza wajibu wake, na kosa likatokea njiani," alisema. "Lakini karatasi peke yake haisemi. Wewe ndiye utasema. Utaapa, tutaandika kwenye hati ya kiapo, na jaji anaweza kukuuliza maswali. Utasema ulivyofanya, ulivyodanganya, na kwa nini. Uko tayari?"

"Watanifunga?"

"Kusahau fomu si jinai. Kuapa uongo ni jinai. Kwa hiyo sema ukweli wote, usipunguze, usiongeze." Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Na mkeo ataisoma hati hii kabla ya jaji. Ingefaa asikie kwako kwanza."

*

Kizuizini palikuwa na jengo refu la rangi ya majivu na milango inayofunguka mmoja mmoja. Fundi alipekuliwa, akaacha simu na mkanda, akapewa kadi ya kuvaa shingoni. Chumba cha wageni kilikuwa na meza zilizofungwa sakafuni. Mkewe aliletwa amevaa nguo za kijivu na ndara. Viatu vyake vyeupe walikuwa wamevichukua.

"Chiriku hajambo?" ndilo neno lake la kwanza.

"Hajambo. Anakula kwa Mkalimani. Usiku nalala naye."

"Usimlete hapa. Akinusa harufu ya hapa, hatasahau." Alijifuta macho kwa kiganja. "Wakili amenijia jana. Yule binti ana akili. Nimemwambia kuhusu kaka yangu, yote. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote yote."

"Hukutia sahihi."

"Nilikaribia. Dada wa kitanda cha pili alitia. Alisema heri aondoke kuliko kukaa. Jana asubuhi wamemchukua. Ana watoto wawili mjini hapa."

Fundi aliweka mikono mezani.

"Ile fomu sikupeleka," alisema.

Mkewe alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ngeni.

"Nilikuta foleni, nikaondoka. Jioni ulipouliza, nikasema nimepeleka. Kisha nikasahau. Kisha nikakumbuka nikaona haya. Imekaa droo ya karakana miezi tisa yote. Nimempa wakili. Nimeapa, nimeandika kila kitu."

Meza ya pili, mzee mmoja alikuwa anamsomea kijana wake barua. Mlinzi alipita, akatazama saa yake.

"Miezi tisa," Mama Chiriku alisema hatimaye. "Kila usiku tunalala, mimi najua niko salama, wewe unajua siko salama."

"Ndiyo."

"Umeandika hivyo kwenye hicho kiapo?"

"Nimeandika."

"Kwamba ulinidanganya?"

"Hata hilo."

Aligeuza uso. Alipomgeukia tena, sauti yake ilikuwa ya mtu anayepanga kazi.

"Nenda nyumba ya wazee. Mwombe msimamizi aandike barua, miaka niliyofanya kazi pale. Nenda shule ya mtoto, waandike nao. Mkataba wa chumba uko ndani ya sanduku, chini ya mashuka. Wakili anavihitaji. Fanya leo."

"Nafanya leo."

"Mengine tutazungumza nikitoka," alisema. "Nikitoka."

Siku hiyo Fundi hakufungua karakana. Alizunguka kwa miguu na kwa basi mpaka jua likazama, na alipata barua zote. Msimamizi wa nyumba ya wazee, mama mnene asiyecheka ovyo, alifanya zaidi ya alichoombwa. "Huyu ndiye pekee ambaye wazee wangu hawagomi akiwaogesha," alisema. "Mwambie wakili nitamdhamini mimi. Na nitafika mwenyewe."

*

Ombi lilisikilizwa wiki iliyofuata. Jaji alikuwa ameshaagiza Mama Chiriku asiondolewe nchini mpaka wamalize. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko Fundi alivyodhani, kama darasa. Mkewe aliketi karibu na wakili. Upande wake wa pili alikaa mkalimani mgeni, mwanamume mwenye sauti ya upole. Mkalimani wao, jirani, alikaa nyuma kabisa, na Chiriku mapajani mwake.

Fundi aliitwa mbele, akaapa.

Wakili wa serikali alimwuliza maswali magumu. "Unataka tuamini kwamba uliificha fomu miezi yote hiyo? Si kwamba mmeiandika juzi?"

"Laiti ingekuwa juzi," Fundi alijibu. "Nisingekuwa na cha kuona haya."

"Kwa nini hukumwambia mkeo?"

"Kwa sababu kila siku iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi. Yeye alifanya lililompasa. Mimi ndiye sikufanya langu."

Jaji, mzee mwenye nywele nyeupe kichwani kote, aliishika fomu, akatazama matundu ya misumari na doa la gundi. Akasoma barua ya nyumba ya wazee, barua ya shule, na mkataba wa chumba, akilinganisha tarehe. Alichukua muda wake. Kisha akasoma uamuzi. Mkalimani mgeni akamfasiria Mama Chiriku sentensi baada ya sentensi.

Barua ya wito haikumfikia. Hakupuuza mahakama kwa makusudi. Amri ya kumwondoa nchini imefutwa. Kesi yake ya hifadhi itasikilizwa upya, yeye akiwepo. Anaachiliwa kwa dhamana ya msimamizi wake, na ataripoti ofisini kila wiki mbili.

Mama Chiriku alimwuliza mkalimani arudie sentensi ile ya kuachiliwa. Akarudia. Nyuma, mtoto alianza kuuliza maswali kwa sauti, moja juu ya jingine, na Mkalimani hakumnyamazisha.

*

Usiku ule na mwingine mwingi, Mama Chiriku alilala na binti yake. Naye alizungumza na Fundi kwa adabu, kama na mpangaji mwenzake. Fundi hakulalamika. Asubuhi ya kwanza kabisa walikwenda wote wawili mahakamani, wakapanga foleni saa mbili na nusu, wakasajili anwani. Mama Chiriku aliomba nakala, karani akapiga muhuri wa tarehe. Aliisoma papo hapo, neno kwa neno, kisha akaitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi zake zote. Mfuko ule ulikaa kwake. Mwingine mmoja, wenye nakala, ulikaa kwa wakili.

Siku moja, wakimenya viazi, Mama Chiriku alianza kusema mwenyewe.

"Kule ndani nilikuwa nakuchukia asubuhi, na jioni nakukumbuka," alisema. "Sasa nimechoka na vyote viwili. Lakini usinidanganye tena hata kwa kitu kidogo. Hata ukivunja kikombe, niambie umevunja wewe."

"Nitakuambia."

Kesi ilipofika, miezi saba baadaye, alisimama mwenyewe na kueleza habari za kaka yake kwa saa mbili. Mara moja mkalimani alikosea neno, akafasiri "walimtafuta" kama "walimpata". Mama Chiriku aliinua mkono. "Sivyo nilivyosema," alisema, na jaji akaagiza irekebishwe. Wakili alikuwa amemfundisha hivyo: usipoelewa, sema, ukifasiriwa vibaya, sema. Wiki tano baadaye barua ilikuja, kwenye anwani iliyo sahihi. Alipewa hifadhi.

Alirudi kazini kwake. Fundi naye alibadilika kiasi, si kwa kila kitu. Makochi bado yalichelewa, na wateja bado walitania. Lakini karatasi haikulala kwake.

Mchana mmoja mwanamume mmoja alileta kiti cha kutikisika kilichovunjika mguu. Wakizungumza hili na lile, akataja kwamba amehama chumba mwezi uliopita, na ana kesi ya uhamiaji.

"Mahakama umewaambia umehama?" Fundi aliuliza.

"Bado. Foleni yao unaijua. Labda wiki ijayo nikipata nafasi."

Fundi aliweka nyundo chini. Alimvutia yule mgeni kochi lisilo na kitambaa, akamkalisha, akamsimulia. Alisema juu ya gari na honi, juu ya uongo wa jioni, juu ya droo, juu ya simu ya Jumanne. Hakujipunguzia hata kidogo. Alikuwa amefika pale alipokuwa kizuizini akikiri, alipoona kivuli mlangoni. Mkewe alikuwa ametoka kazini mapema, amesimama na viatu vyake vyeupe, anasikiliza. Hakuwa amewahi kumsikia akimsimulia mtu wa nje.

Fundi akasita. Kisha akaendelea mpaka akamaliza.

Ndipo mkewe alipomwambia yule mwanamume, "Ofisi yao inafunga saa tisa na nusu, shemeji. Mkitoka sasa mtawahi." Kisha akamgeukia mumewe. "Nenda naye. Hakikisha amepewa nakala yenye muhuri. Kiti nitakiingiza ndani mimi."